Kukagua paa kwa droni Nairobi: tulichokiona, tusichokiona, na kigae cha nne cha safu ya saba

MwekaHazina (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wakazi katika mtaa mdogo ulio kando ya Barabara ya Lang'ata, wenye nyumba 24 zilizoezekwa vigae vya udongo. Wenzangu wawili wa kamati za mitaa jirani wameniuliza tulifikiaje uamuzi wa kukaguliwa mapaa kwa droni, na kwa kuwa maswali yao yanafanana, nimeona afadhali niyajibu hapa mara moja na kwa urefu, ili anayekusudia kutoa pesa za wakazi ajue hasa anachokinunua.

Shida yetu ilianzia nyumba nambari 9. Kila vuli ilipoingia, doa la rangi ya chai lilijitokeza darini, juu ya kabati la chumba cha kulala. Fundi wa kwanza alipanda, akakuta kigae chenye ufa juu ya doa lile, akakibadilisha, akalipwa. Mvua iliyofuata doa lilirudi likiwa pana zaidi. Fundi wa pili alipaka lami. Wa tatu, ambaye mwenye nyumba alimleta mwenyewe bila kupitia kamati (jambo hilo tulilizungumza kikaoni na sitalirudia hapa), alijaza silikoni kila mahali alipoona mwanya, na katika kutembea kwake huko juu akavunja vigae sita vilivyokuwa vizima. Kwa hiyo tulikuwa tumelipa mara tatu, na paa lilikuwa bovu kuliko siku tuliyoanza kulitengeneza.

Kosa la wote watatu, na letu sisi tuliowatuma, lilikuwa kutafuta tundu juu ya doa. Maji yakishapenya chini ya kigae hayaanguki wima. Hushika ubao wa kenchi na kuteremka nao mpaka yakute msumari au kiungio, na hapo ndipo yanapodondokea dari. Mtu aliyesimama chumbani anaona mwisho wa safari, na mtu aliyepiga magoti juu ya paa anaona hatua mbili mbele yake. Hakuna kati yao anayeuona mteremko mzima.

Rubani wa droni alikuja Jumamosi, saa mbili asubuhi, baada ya usiku wa mvua. Mimi nilidhani ametuchagulia siku mbaya, kumbe aliisubiri makusudi. Kigae cha udongo kilicholowa huwa cheusi, na kadiri jua linavyopanda vile vizima hukauka na kurudia wekundu wao, ilhali vile vinavyokaa juu ya maji yaliyotuama hubaki vimekolea. Isitoshe, jua la asubuhi huja kwa mshazari, kwa hiyo kigae kilichonyanyuka hata upana wa kidole hutupa kivuli ambacho saa sita mchana hukioni kabisa. Alirusha kwa dakika kumi na nane. Kwanza alipita juu juu akipiga picha zinazopishana ili azishone ziwe picha moja ya paa zima, kisha akashuka karibu na kulifuata bonde, yaani pale miteremko miwili ya paa inapokutana na kumwaga maji yake katika mfereji mmoja wa bati.

Nilisimama nyuma yake nikitazama kioo cha kifaa anachoongozea droni. Bonde lilikuwa la zambarau. Kuna mjakaranda mkubwa nje ya ukuta wetu, ambao kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Novemba, hutumwagia maua yake, na sisi huupiga picha na kuusifu. Maua yale yalikuwa yamejazana bondeni pamoja na vile vijani vyake vidogo kama punje za mchele, yakafanya tope, na tope likawa boma. Maji ya mvua yakifika pale hayakuwa na njia ya kuteremka, hivyo yalipanda kando na kuingia chini ya vigae vilivyopakana na bonde. Mstari wa vigae vyeusi ulionekana wazi ukianzia safu ya saba kutoka kwenye kofia ya paa, yaani kule kileleni, kigae cha nne kutoka bondeni. Kutoka hapo hadi juu ya lile doa la chumbani ni mita nne na ushei.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kabla ya rubani huyu tulikuwa tumepokea sampuli ya ripoti kutoka kampuni nyingine, ambayo sitaitaja. Ilikuwa na kurasa nyingi, michoro ya rangi, ramani ya paa lililogeuzwa kuwa umbo la kuzungushwa kwenye kompyuta, na maneno kama "hali ya wastani" na "inahitaji uangalizi". Niliisoma mara mbili, nikajiuliza: nikimkabidhi fundi karatasi hii, atakwenda kuweka mkono wake wapi? Sikupata jibu. Ripoti ya rubani wetu ilikuwa kurasa nne, na kila kasoro ilikuwa na anwani: nyumba, mteremko, safu, kigae. Ushauri wangu kwa kamati yoyote ni kuuliza swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Pia sitaki mtu aondoke hapa akidhani droni iliona kila kitu. Fundi alipofungua vigae mahali alipoelekezwa, alikuta ubao uliooza kiasi cha kuingiza bisibisi mpaka kwenye mpini. Picha haikuwa na dalili yoyote ya ubao huo.

FundiMapaa

Ndugu mleta uzi, umeandika kwa haki, na mimi niliyekula jasho la mapaa ya jiji hili tangu Buruburu ingali mpya nakushukuru kwa ile aya ya mwisho, kwa sababu vijana wengi wanaouza huduma hii huwaambia wenye nyumba kwamba siku za ngazi zimekwisha.

Kigae hukaguliwa kwa sikio pia. Ukikigonga kwa kifundo cha kidole, kizima hulia kama chungu kilichoiva vizuri tanuruni, na chenye ufa hutoa sauti iliyofifia, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele na umefunikwa na vumbi. Mama anayenunua chungu sokoni anaijua mbinu hii bila kusomea. Droni haigongi. Haibonyezi bati kuona kama linarudi au linabaki limebonyea, wala hainusi uozo wa mbao unaotoka chini ya fashia, ule ubao wa ukingoni mwa paa.

Hata hivyo, kuna paa moja ambalo sitaki kumwona kijana yeyote akilikanyaga kwa ajili ya ukaguzi tu, nalo ni paa la asbesto. Yamo bado katika majengo ya zamani, na yamezeeka. Bati la asbesto likishakaa miaka mingi juani na mvuani hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Niliwahi kumwona mwenzangu akipita katikati yake kama mtu aliyekanyaga gazeti lililofunika shimo. Alivunjika nyonga. Na ukilivunja hutoa nyuzi ndogo ambazo mapafu hayazisamehe, ndiyo maana NEMA, mamlaka ya mazingira, inazihesabu kuwa taka hatari. Kwa paa la namna hiyo, droni na itangulie, na fundi akipanda apande kwa ajili ya kuliondoa, akiwa na vifaa vyake kamili.

Swali langu ni dogo: je, fundi wenu mlimpa picha hizo kwenye simu au kwenye karatasi?

RubaniWaChini

Nafanya kazi hii nikiwa na leseni, na nimefurahi kuona uzi unaozungumzia vigae badala ya kuzungumzia modeli za droni. Niongeze mambo ambayo mteja wa Nairobi haelezwi.

La kwanza ni sheria, na katika jiji hili si jambo la kupita haraka. Kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani ndani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, zinataka droni iwe na kibali cha kuingizwa nchini, isajiliwe, na anayeirusha kibiashara awe na leseni na cheti cha uendeshaji. Hairuhusiwi kupanda zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, wala kukaribia chini ya mita 50 mtu, gari au jengo lisilokuwa chini ya usimamizi wa mrushaji, wala kurushwa ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa vya ndege au kilomita 7 za viwanja vidogo, isipokuwa kwa idhini. Hebu mtu achukue ramani achore maduara hayo kuzunguka viwanja vya ndege vya Wilson na Jomo Kenyatta (JKIA), na kambi ya anga ya Eastleigh. South C, Upper Hill, Kilimani, Embakasi na Lang'ata yenyewe zimo ndani. Kwa mtaa wa mleta uzi, ambapo ndege ndogo za Wilson hupita chini kiasi cha kusomeka nambari zake, anayekuambia kwamba anakuja kesho bila kumwomba mtu yeyote ruhusa anakuingiza matatani pamoja naye.

Ile mita 50 nayo itazameni vizuri. Ploti nyingi za Nairobi ni futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Huwezi kusimama popote katika ploti kama hiyo ukawa mbali na nyumba ya jirani kwa mita 50, kwa hiyo idhini ya mwenye nyumba peke yake haitoshi.

La pili ni ukaribu wa picha. Kamera yenye kihisio cha inchi moja na pikseli (nukta za picha) milioni 20, ikiwa mita 30 juu ya paa, kila pikseli yake hufunika takriban milimita 8. Kichwa cha msumari wa paa kikiwa na upana wa sentimita moja na nusu, kitakuwa pikseli mbili, na hakuna binadamu atakayekuambia kwa pikseli mbili kama raba ya kuzuia maji iliyo chini yake imepasuka. Ishushe hadi mita 10, na pikseli hufunika chini ya milimita 3. Hapo ndipo ukaguzi unapoanza. Mteja aulize, "Utakagua kutoka kimo gani?" Akijibiwa kwamba kamera ni ya 4K, hilo silo jibu.

La tatu ni betri. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Mapanga hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye boksi si dakika za Nairobi. Mimi hurudi chini betri ikibaki na asilimia 30.

Na la mwisho, kwa wenye fleti: msikubali droni iwashwe juu ya slabu ya paa. Nondo zilizo ndani ya zege hupotosha dira, na droni iliyopotoshwa dira huanza kuzunguka duara linalopanuka mpaka igonge tangi la maji. Nimeshuhudia, na droni ilikuwa yangu. Irushwe kutoka uani, na kimo ambacho droni hupandia inaporejea yenyewe ilikoanzia kipangwe juu ya tangi na nguzo ndefu kuliko zote.

JiraniMkimya

Mimi sina paa linalovuja. Ninaishi kwenye ghorofa inayotazamana na mtaa ambao ulikaguliwa mwezi uliopita, na siku hiyo nilikuwa nikianika nguo kwenye baraza wakati kile kitu kilipokuja kusimama hewani mbele yangu kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Hakuna aliyekuwa ametuarifu. Ningependa kujua picha zangu ziko kwa nani.

MwekaHazina

Dada (nakisia, unisamehe nikikosea), malalamiko yako ni ya haki na nitakueleza tulivyofanya sisi, bila kudai kwamba tulifanya vizuri kwa hiari yetu. Ni rubani aliyetushurutisha.

Siku tatu kabla, tulipeleka barua kwa kila nyumba na kwa wasimamizi wa fleti mbili zinazopakana nasi, tukitaja siku, saa na mahali droni itakapoanzia. Kamera iliwashwa baada ya droni kufika juu ya paa na ilielekezwa chini. Picha zilizonasa ua au dirisha la mtu zilikatwa kabla ya kuingia kwenye ripoti, na mkataba ulisema picha ghafi zifutwe baada ya siku 30. Haki ya faragha imo katika Kifungu cha 31 cha Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kumwuliza mwenye picha hizo azihifadhi kwa sababu gani, na kumtaka azifute. Mwandikie msimamizi wa mtaa ule. Akikaa kimya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya namna hiyo.

MsimamiziGodauni

Nimesoma kimyakimya tangu jana. Ninasimamia godauni katika Eneo la Viwanda, paa la mabati lenye ukubwa wa karibu nusu ya uwanja wa mpira, na kwetu hesabu ni tofauti na ya nyumba. Hatuna safu ya saba na kigae cha nne. Tuna maelfu ya skrubu, kila moja na washa yake ya raba, na raba inayokaa juani mchana na baridini usiku hukauka, hupasuka, na kuacha tundu ambalo hulioni mpaka siku shehena ya unga inapolowa. Kumpandisha mtu huko si mchezo pia. Tuna vioo vya plastiki vya kuingiza mwanga, ambavyo vimepata vumbi mpaka vinafanana na bati, na anayevikanyaga anaanguka mita tisa hadi sakafuni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwangalia mwenye eneo kabla ya kumwangalia aliyeanguka.

Nimekuja hasa kuwaonya juu ya kamera ya joto. Tuliuziwa ukaguzi wa kamera hiyo kwa bei iliyokuwa maradufu ya ule wa kawaida. Ripoti ilikuja na madoa ya buluu katika sehemu kubwa ya paa, na tukaambiwa kwamba hayo ni maji. Tulifungua mabati matatu. Makavu kabisa. Baadaye mhandisi tunayemwamini alitufafanulia kwamba bati linalong'aa hutoa joto lake mwenyewe kidogo sana na huakisi kilicho juu yake, kwa hiyo kamera ilikuwa ikisoma ubaridi wa anga na kuuita maji. Tulikuwa tumelipia picha ya mbingu.

RubaniWaChini

Mhandisi wenu amesema kweli, na aliyewauzia alipaswa kujua. Kamera ya joto ina mahali pake: paa la bapa lenye tabaka la kuzuia maji juu ya tabaka la kuzuia joto, kama yale ya maduka makubwa na hospitali. Mchana kutwa paa hupokea jua, na jioni sehemu kavu hupoa upesi, lakini iliyoloa hubaki na joto lake kwa sababu maji hupoa polepole, hivyo kwenye kioo huonekana kama kidonda kinachowaka. Ukiangalia saa sita mchana huoni kitu. Muda wenyewe ni mfupi, jua likizama hapa kwetu karibu saa kumi na mbili na nusu, na kurusha gizani kunahitaji idhini ya ziada, kwa hiyo hupangwa kwa dakika. Na iwe siku ambayo haikunyesha, maana uso uliolowa hudanganya vilevile.

Kwa bati, bakini na picha za kawaida kutoka karibu. Kutu huanza pembezoni mwa skrubu kama pete ya kahawia, na pete hiyo inaonekana. Mkaguliwe kabla ya masika, mwishoni mwa Februari, mpate muda wa kutengeneza. Na mtoe mtu mmoja wa kuangalia mwewe. Sisemi kwa mzaha. Mwewe wa Nairobi anayenyang'anya mtoto mkate mkononi haogopi mapanga manne ya plastiki, na akiwa na kiota karibu atakuja kutoka upande wa jua.

FundiMapaa

Swali langu bado halijajibiwa.

MwekaHazina

Uniwie radhi, mzee wangu, lilimezwa na mengine.

Kwanza tulimpa kwenye simu, akapanda nayo, akashuka baada ya dakika tano. Jua lilikuwa limepiga kioo hata haoni kitu, na mkono mmoja alihitaji kushika ngazi. Nikaenda kwa duka la kuchapisha pale kituoni, nikachapa kurasa zile nne kwa karatasi kubwa ya A3, nikazitia katika jalada angavu ili zisilowe. Alizilaza juu ya paa, akaweka kigae kimoja kama kizito, akaanza kuhesabu safu kutoka kwenye kofia kwa sauti, huku mwanafunzi wake akiweka alama ya chaki kila safu. Alipofika ya saba alisogea kando hadi kigae cha nne, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kama ulivyosema, akatikisa kichwa, na kukinyanyua. Chini yake kulikuwa na ule ubao.

Ubao ulibadilishwa, bonde lilisafishwa na kuwekwa wavu juu yake, na mtunza bustani amepewa kazi ya kulizoa kila Ijumaa kuanzia Septemba hadi maua yaishe. Nyumba nambari 9 imepita masika yote darini pakiwa pakavu. Nambari 14 imeanza kuvuja wiki iliyopita, nayo haiko karibu na mjakaranda wowote, kwa hiyo rubani ameshaomba kibali upya.